Hija ya miguu hadi Bagamoyo: tuwe na misa yetu au tuungane na parokia?

Mwanajumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu ya Dar es Salaam inakusudia kutembea wakati wa Kwaresima hadi kanisa la misheni ya Bagamoyo, mwendo unaokaribia kilomita 70. Wapo wanaotaka tuwe na misa yetu, padre wetu na kwaya yetu. Wengine wanaona tuungane na waumini wa pale. Naomba ushauri.

Katekista
Milele, amina. Ndugu yangu, nawasihi muungane nao. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Zanzibar, na miongoni mwa waumini wake wa mwanzo walikuwamo watoto wengi waliokombolewa utumwani, ambao walipokua na kuoana walipewa makazi katika kijiji cha misheni. Waliotenganishwa na jamaa zao walipata udugu mpya pale, hivyo kwenda kusali mkiwa mmejitenga na wenyeji ni kuipita maana ya mahali penyewe. Mwandikieni paroko mapema, ombeni kuimba pamoja na kwaya yao, na sadaka yenu iingie katika kapu lao.

Mama wa Rozari
Naafiki. Kuhusu njia, anzeni kabla ya alfajiri, pumzikeni jua likiwa kali, na gari lenye maji liwafuate nyuma kwa ajili ya wazee na watakaozidiwa.

Msomaji wa historia
Mimi naomba mfike pia kwenye mnara wa kanisa la zamani. Wageni wengi huoneshwa kwamba mwili wa David Livingstone ulifikishwa hapo Februari 1874, lakini hija yenu iwakumbuke zaidi Chuma, Susi na wenzao, walioubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, zaidi ya kilomita 1,500, wakipita katika njaa na magonjwa. Wakumbukeni vilevile watumwa ambao misafara iliwaleta hadi pwani hiyo hiyo wakitembea kwa miguu na bila hiari, na ambao hatuna hata majina yao. Ningependekeza Njia ya Msalaba muimalizie ufukoni, penye msalaba wa ukumbusho wa wamisionari, na kituo kimoja kiwe cha kuwaombea marehemu hao. Fanyeni hivyo kabla ya misa, kwa kuwa baada ya misa watu wengi huwa wanawaza safari ya kurudi.