Ushauri: nzi wa msituni mwenye mkanda wa chungwa tumboni ni wa aina gani?

Mpita_Njia: Ndugu wadau, salaam. Katika msitu wa miti inayopukutisha majani, kusini mwa Uingereza, kuna nzi ninayeshindwa kumtambua kwa uhakika. Ana mwili mwembamba unaozidi sentimita moja kwa kiasi kidogo, kifua cheusi chenye mng'ao, na mkanda mpana wa rangi ya chungwa iliyokolea katikati ya tumbo, ilhali ncha ya tumbo ni nyeusi. Si nyigu, maana mbawa zake ni mbili tu na vipapasio ni vifupi. Kinachonishangaza ni kwamba simkuti mauani: hukimbia juu ya majani yaliyopigwa na jua, akasimama ghafla, akalidonoadonoa jani kwa mdomo, kisha akaendelea. Je, kati ya aina mbili za nzi zinazofanana, huyu ni Xylota segnis au Brachypalpoides lentus, na nitarajie kumwona hadi mwezi gani?

Kisiki: Mwenendo huo ni wa Xylota segnis waziwazi. Anachodonoa ni chavua iliyoangukia majani pamoja na utomvu mtamu wa vidukari, ndiyo maana mauani huonekana kwa nadra. Hata hivyo, usihukumu kwa tabia pekee, tazama miguu. Lentus ana miguu myeusi yote, na wekundu wake, ambao ni wa damu hasa, huanzia kiunoni. Segnis ana umanjano kwenye sehemu ya juu ya miundi. Kuhusu majira, lentus huonekana zaidi Mei na Juni, na kufikia Agosti amekwisha, lakini segnis huanza mwishoni mwa Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Ukimwona Septemba, shaka imepungua sana.

Bibi Mabuu: Naafikiana na Kisiki, ila amemsahau Xylota tarda, ambaye kwa picha ya mgongoni pekee huwadanganya hata wazoefu. Piga picha ya ubavuni inayoonyesha mguu wa nyuma hadi shinani: dume wa segnis ana mwiba unaojitokeza hapo, karibu na mahali paja linapoungana na mwili. Dume utamjua kwa macho yanayokutana juu ya kichwa. Chunguza pia miti iliyopo, kwa kuwa tarda hufungamana na mti uitwao Populus tremula, wakati mabuu ya segnis hayachagui sana: huishi chini ya magome yaliyolowa na kuoza, kwenye visiki na magogo ya miti ya aina nyingi.

Mpita_Njia: Nawashukuru. Nimezikagua picha nilizonazo, na miundi ina umanjano, hivyo lentus ametoka. Mguu wa nyuma umefichwa na bawa katika picha zote.

Kisiki: Basi mwendee asubuhi, kabla jua halijakolea, kwa sababu mdudu aliyepoa hakimbii ovyo, nawe upige kutoka usawa wa jani.