D-76, Rodinal au kahawa: dawa ipi ya kusafishia filamu nyumbani?

PichaTanga
Wakuu, filamu zangu mbili za mwisho zimerudi kutoka studio na mikwaruzo, nimeamua kusafisha mwenyewe. Nina filamu tano za HP5 Plus (za nyeusi na nyeupe), tangi la kusafishia na mfuko mweusi wa kupakilia filamu gizani. Nimekwama kwenye dawa: D-76 ya unga au Rodinal ya maji? Kwa mwezi napiga filamu moja tu, wazee wa ukoo wetu, na maji ya bomba hapa Tanga ni digrii 29.

Nuru_Kisauni
Filamu moja kwa mwezi? Rodinal, ndugu yangu. D-76 ukishaikoroga, miezi sita kwenye chupa iliyojaa ndiyo mwisho wake. Rodinal unachota mililita 6, unatia maji 300, ukimaliza unamwaga. Chupa yangu ina mwaka wa nne, imegeuka nyeusi na bado inafanya kazi.

MzeeWaGiza
Binti Nuru, kwenye kudumu sikupingi. Lakini kijana anapiga nyuso za wazee! HP5 ni ya ISO 400, yaani inashika mwanga haraka, na chembe za picha yake zinaonekana tayari, na Rodinal inazichongoa zaidi. D-76 ina salfaiti gramu 100 kwa lita, ndiyo inayolainisha chembe. Ningeshika Rodinal kwa filamu ya ISO 100.

Joto ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. D-76 nusu kwa nusu na maji, HP5 inachukua kama dakika 11 hadi 13 kwa digrii 20, na kama 8 hadi 9 kwa digrii 24. Ukitumia dawa kali, isiyochanganywa na maji, kwa digrii 29 unashuka chini ya dakika 5, na hapo filamu hutoka na mabaka. Weka chupa zote, na fiksa pia (dawa ya kuimarisha picha), kwenye beseni lenye barafu mpaka zifike 24.

Kagera35
Mimi natumia kahawa ya Bukoba, ile ya unga unaoyeyuka kwenye maji. Kwa lita moja: sodiamu kaboneti gramu 54, vitamini C 16, kahawa 40, dakika 15 kwa digrii 20. Robusta inashinda arabika. Ila magadi ya kupikia maharage usiyatumie, yana baikaboneti nyingi. Negativu zangu za kwanza zilitoka hafifu kabisa.

MzeeWaGiza
Kahawa ni nzuri kwa picha unazoweza kurudia. Wazee hawa huenda usiwapate tena.

PichaTanga
Nashukuru, Mzee. Lakini D-76 si itaniharibikia?

Nuru_Kisauni
Nimepiga hesabu, nabadili ushauri wangu. Tangi la filamu moja linachukua mililita 290, kwa hiyo nusu kwa nusu unatumia kama 150 za dawa. Lita moja inatoa filamu sita, yaani miezi sita ileile. Igawe kwenye chupa ndogo za kioo, zijae hadi shingoni hewa isiingie. Na uandike "DAWA YA PICHA" kwa herufi kubwa kama nyumbani kuna watoto.

PichaTanga
Wapo watatu. Kesho natafuta chupa na kalamu ya wino usiofutika.