Macho makavu wakati wa kiangazi hapa Lubumbashi, naomba shauri

Bandugu na badada, mutanisaidia. Tangu mwezi wa nane macho inaniwasha sana, ni kama kuko muchanga ndani, na munajua kiangazi ya huku, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka na vumbi nyekundu ya Katuba inaingia fasi yote. Natumika ku biro siku muzima mbele ya ordinatere, klimatizere inanipulizia ku uso, saa ya kutoka macho iko nyekundu na inatoka machozi. Minashangaa, inaitwa makavu lakini inatoa machozi! Munganga alisema ni ukavu ndiyo unaleta ayo machozi, na tena ku ekra mutu anasahau kufunga-funga macho.

Alinipatia machozi ya bandia, inasaidia lakini nikiitia mara mingi ku siku inaanza kuchoma. Farmasye mumoja anasema shida ni dawa yenye banatia ndani ya chupa juu matone isioze, eti nichukue ile ya tudozi tudogo ya kutumia mara moja. Bei yake ni juu kweli. Nani amejaribu, kuko tofauti?

Nataka kujua tena: kitambaa cha maji ya moto ku kope, munafanya dakika ngapi? Na kuweka beseni ya maji mu chumba inaongeza unyevu kweli ama ni kujidanganya? Jirani ananisukuma nitie matone yake ya kortizone, iyo hapana, inaweza kupandisha presha ya jicho.

Benye kuvaa lunete (miwani) mu vumbi, munapata nafuu?