Tupeane uzoefu: kula nje Dar bila ngano

Wakuu, uzi huu ni wa wenye seliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini iliyo kwenye ngano na shayiri, inaudhuru utumbo) na wanaowapikia. Ugali na wali havina ngano, hilo kila mtu analijua. Tuambizane jikoni mambo yanaharibikia wapi.

Mla Dona: Kwenye karai. Mama ntilie anaanza na maandazi asubuhi, zinafuata sambusa, mchana mafuta yaleyale yanakaanga mihogo na samaki. Moto hauui gluteni. Kwa hiyo usiulize "hii ina ngano?", utajibiwa hamna, na kweli muhogo hauna. Uliza: "Mafuta haya yamekaangia nini leo?" Banda la chipsi ni hivyohivyo: wakitumbukiza humo soseji au kuku aliyepakwa unga, achana nalo. Mishkaki ni nafuu, ila uliza kama nyama imelowekwa kwenye sosi ya soya, maana nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano. Na isiwekwe pale wanapopashia chapati.

Jirani wa Upanga: Kwenye migahawa ya Kihindi dosa ya kawaida (ule mkate mwembamba) ni mchele na dengu, iko salama. Rava dosa hapana, ile ni suji, yaani ngano. Mtego mkubwa uko kwenye sambari, mchuzi wa dengu unaoliwa na dosa: hingi (kiungo chenye harufu kali) ya unga inayouzwa madukani mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano. Chatne ya nazi nayo ulizia hingi kabla hujachovya. Kwa Wahabeshi, injera (mkate wao mpana) ya tefu tupu, nafaka ndogo ya kwao, haina neno, lakini nje ya Ethiopia wengi huongeza ngano kwenye kinyunga. Akikwambia "ni tefu", muulize kama ni tupu.

Chachandu: Msisahau vya jioni. Urojo ule uzito wake ni unga wa ngano, hata ukikataa bajia bado umekula. Katlesi ni viazi, lakini nyingi zimeviringishwa kwenye chenga za mkate. Vitumbua vya mchele mtupu vipo, wengine huchanganya ngano kidogo, kwa hiyo muulize anayekoroga, si anayeuza. Bokoboko ni ngano yenyewe. Uji wa lishe sinywi nje kabisa, pakiti nyingi zina ngano.

Mwiko Safi: Ongea na mpishi, mhudumu anataka tu oda iende. Sema hivi: "Ngano inanidhuru hata kidogo, naomba sufuria na mwiko uliooshwa." Fika saa tano na nusu, wali umeiva na foleni haijaanza, ikifika saa saba mwiko mmoja unazunguka kila sufuria. Kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa chakula cha pakiti kinachoandikwa hakina gluteni ni miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kwa sahani ya nusu kilo hiyo ni miligramu 10, na unga ulioganda kwenye mwiko unatosha kuvuka hapo.

Mla Dona: Nyongeza kwa ambaye hajapimwa: usiache ngano kabla ya kipimo cha damu. Ukiiacha mapema, majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

Mgeni: Na bia je?

Chachandu: Bia ya shayiri hapana, mkuu. Mvinyo au maji ya dafu.