Leseni ya mkusanyaji wa bunduki, ya dola 30, imenichukua miezi 11, na bunduki ya Mauser ya 1871 imeshanipotea!

Wakuu, salaam. Nimenyamaza muda mrefu, leo sinyamazi. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe maneno yakiwa makali, ila kila ninachokisema hapa kimenikuta mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga, Marekani nina mwaka wa 12, nina kadi ya kijani, nafanya kazi ya halali na polisi hawanijui kwa lolote. Nakusanya vitu vya ile vita ya 1914 hadi 1918 iliyopiganwa kwetu: sarafu za rupia na heller za Mjerumani, vifungo vya sare, picha. Baba yake babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Alikuwepo Tanga Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha jeshi kutoka India na kurudishwa baharini. Nyumbani hakijabaki kitu chake hata kimoja. Kilichobaki ni maneno yake, ambayo babu aliturithisha kama yalivyo: kwamba bunduki yake ilikuwa na moshi, ukipiga moja tu adui ameshakuona, inabidi uhame ndipo upige nyingine.

Bunduki hiyo ni Mauser ya 1871. Milimita 11, unapakia risasi moja, unapiga, unapakia tena, na baruti yake ni ile nyeusi ya zamani. Kompania nyingi za askari ziliingia vitani nayo mwaka 1914, wakati huko Ulaya majeshi yalikuwa yameshaiacha siku nyingi. Kwa hiyo mzee hakuwa anatunga hadithi ya kuwalaza watoto. Ule moshi ulikuwepo kweli, na uliua watu.

Sasa sikilizeni.

Mwaka jana nikaiona inauzwa. Imepigwa mhuri wa kiwanda cha Danzig na mwaka 1877, kitako kimepasuka upande wa kulia na kufungwa kwa waya wa shaba, ufundi wa mtu aliyekuwa porini bila fundi. Muuzaji alisema babu yake alirudi nayo kutoka Afrika Mashariki baada ya vita. Wakuu, nilitazama picha za ule waya usiku kucha. Nikampigia asubuhi, tukaelewana bei, nikamwambia natuma hela leo.

Aliposikia lafudhi yangu na kuniuliza ninatoka wapi, mambo yakabadilika. Akasema hawezi kunitumia mpaka nipate leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale. Nikamweleza kwa adabu kwamba Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya Marekani ya 1968 inasema wazi: bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale, na kwa sheria ya taifa haihesabiwi kuwa silaha ya moto ya kuombewa leseni. Kuna majimbo yana masharti yao ya ziada, langu halina kwa bunduki kama hii. Ya 1877 imeitangulia tarehe hiyo kwa miaka 21! Nikamtumia kifungu chenyewe akisome. Akajibu kwa mstari mmoja, kwamba kwa "mtu wa nje" hachukui hatari. Nina ukaazi wa kudumu, na sheria inaniruhusu kumiliki hata bunduki ya kisasa. Hakutaka kusikia.

Nikasema basi, leseni nitaikata, kwanza nitaihitaji kwa Lee-Enfield niliyokuwa naiwinda, bunduki ya Waingereza ya vita ileile, iliyotengenezwa baada ya 1898. Nikamwomba anishikie mzigo. Akakubali kwa mdomo.

Hapa ndipo nilipoingia mikononi mwa kanjanja, na naomba mniazime masikio hasa nyinyi mlio huku. Leseni hii ya mkusanyaji, aina ya 03, ada yake ni dola 30 kwa miaka 3. Fomu haiuzwi, iko kwenye tovuti ya ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha. Tofauti na muuza duka, mkusanyaji hatakiwi hata kupeleka alama za vidole wala picha ya paspoti. Unajaza, unaweka sahihi, unatuma na ada, na nakala moja unaipeleka kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako. Basi. Mimi sikuyajua haya. Mtu mmoja anayejiita wakala, anayejitangaza kwa sisi wahamiaji kwamba "anashughulikia makaratasi magumu", akanitoza dola 250 akisema kuna mlolongo mrefu kwa wasio raia. Akaniletea ukurasa wa sahihi tu. Nikasaini, nikamwamini.

Wiki kadhaa baadaye napigiwa simu na mkaguzi wa leseni. Anauliza duka langu litakuwa wapi, kama eneo ninaloishi linaruhusu biashara, na kama mwenye nyumba anajua. Duka gani? Kumbe yule bwana amejaza aina ya 01, ya mfanyabiashara wa silaha, ambayo ada yake ni dola 200! Naishi ghorofa ya tatu, chumba cha kupanga, na watoto wawili, halafu kwenye karatasi ya serikali mimi ni muuza bunduki. Mkaguzi alikuwa mtu muungwana, akanielekeza niliondoe ombi lile kwa barua nianze upya. Yule wakala nilipomdai hela yangu akasema kazi aliifanya, sahihi ni yangu. Kisha akanifungia simu. Dola 250 ni karo ya mdogo wangu kule nyumbani, na mtu kaila kwa kuweka alama kwenye kisanduku kisicho chake.

Nikaanza upya, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Jioni moja tu nilimaliza.

Ikabaki nakala ya sherifu. Karani wa pale dirishani akaishika, akalisoma jina, akanirudishia. Eti ofisi yao "haiidhinishi" watu wasio raia. Nikamwambia dada yangu, siombi idhini, hii ni taarifa tu, hakuna mahali pa ninyi kusaini. Akaniambia nisimfundishe kazi. Nilirudi mara tatu. Mara tatu! Kila mara naomba ruhusa kazini, kila mara nakatwa masaa. Mwishowe nikaituma kwa posta ya kusaini mpokeaji, nikahifadhi risiti. Na hivyo ndivyo ningefanya siku ya kwanza kama kungekuwa na mtu mmoja wa kunieleza kwamba sheria inataka waarifiwe, haitaki wakubali.

Baada ya hapo leseni ikatoka bila tatizo, ndani ya zile siku 60 ambazo sheria imewapa kushughulikia ombi. Ukihesabu tangu siku niliyompigia muuzaji mara ya kwanza, ni miezi 11. Nikampigia nikiwa na leseni mkononi. Akasema ameshaiuza, tena siku nyingi, kwa mtu aliyeipambia ukumbi wake wa wageni. Hakuomba hata leseni kwa huyo mtu. Nilimuuliza, akasema "yule namfahamu".

Niseme nini hapo wakuu? Nilikaa kwenye gari nusu saa bila kuwasha injini.

Kuna ndugu zangu watakuja kuniuliza Mswahili na bunduki wapi na wapi, ukanunue kiwanja Kigamboni. Nimeshaambiwa hayo kwenye kundi letu la Watanzania huku, na yaliniuma kuliko ya yule muuzaji. Pale katikati ya Dar sanamu ya Askari imesimama tangu 1927, bunduki mkononi, na hakuna anayeiuliza inatafuta nini. Vita hivi viliwapitia babu zetu pande zote, huku askari wa Mjerumani, kule Keya, yaani askari Waafrika wa Mwingereza, na wapagazi waliokufa bila kuhesabiwa. Vitu vyao vimetawanyika Ujerumani, Uingereza na Marekani, na wanaovinunua wanatafuta pambo la ukutani. Nikitaka kimoja kirudi kwenye mikono ya mtu wa ukoo wao, kwa hela yangu, kwa kufuata sheria, nani amekosewa?

Kwa anayetaka kuanza, asije akaliwa kama mimi. Uwe na miaka 21 au zaidi. Mwenye viza ya masomo au ya kutembea asijaribu kabla ya kuonana na mwanasheria, maana kwao sheria ni kali na ni kesi ya jinai. Leseni ya 03 ni ya bunduki zilizotimiza angalau miaka 50 zikiwa katika umbo lake la asili, au zile ambazo mtunza makumbusho ya serikali amezithibitisha. Hilo umbo la asili lisikupite: niliwahi kuletewa Lee-Enfield iliyokatwa ubao wa mbele na kupigwa vanishi iwe ya kuwindia, na jamaa anasema ni ya kale. Umri inao, historia wameshaikata kwa msumeno, na leseni hii haikusaidii kwa bunduki kama hiyo. Ukishaipata unatunza daftari la kila inayoingia na kutoka, na wanaweza kukukagua, si zaidi ya mara moja kwa miezi 12, na ukitaka unalipeleka daftari ofisini kwao badala ya wao kuja kwako. Huruhusiwi kufanya biashara nayo. Na haikupi ruhusa ya kutembea na bastola kiunoni, hilo watu wanalichanganya sana.

Lee-Enfield yangu ya 1916 imefika wiki tatu zilizopita. Muuzaji alitaka nakala ya leseni yenye sahihi, akaihakiki, akatuma hadi mlangoni. Dakika kumi. Hakuniuliza natoka wapi. Ni aina waliyobeba Keya, ndugu ya zile ambazo Waingereza waliziacha Tanga zikaokotwa na kina babu, bunduki 455 na bombomu (bunduki za rashasha) 16. Naipenda. Lakini siyo ile.

Kwa hiyo kama yupo humu, au anamjua mtu, aliyeiona Mauser ya 1871, mhuri wa Danzig, 1877, kitako kimefungwa waya wa shaba upande wa kulia, aniandikie. Bei atataja yeye. Ule waya asiuguse.