Kuagiza heda kwa pamoja kwa pikapu za V8: tuanzie wapi?

MratibuV8

Wakuu, habari za kazi. Tuko 14 wenye pikapu za Chevrolet Silverado na GMC Sierra, zote V8 (lita 4.8, 5.3 na 6.0), za kati ya 1999 na 2013. Tunataka kutoa manifoldi za kiwandani (zinazokusanya moshi kutoka kwenye injini) tufunge badala yake heda ndefu za chuma cha pua, zenye bomba lake kwa kila silinda, na tuagize pamoja ili tupate bei ya jumla. Muuzaji anasema punguzo linaanzia seti 10. Wote 14 wameshasema "nipo".

Naomba mwongozo wa wenye uzoefu. Nikusanye taarifa gani kwa kila mtu kabla ya kuagiza? Fedha zikae kwa nani? Na mzigo ukifika, tukague nini kabla mtu hajaondoka na boksi lake?

Flenji_na_Gasketi

Mkuu, hao 14 bado si oda ya seti 14. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: hizo seti 10 zinahesabiwa kwa jumla, au kwa kila namba ya spea? Akisema kwa kila namba ya spea, kundi lako linaweza kugawanyika vipande vitatu na hakuna hata kimoja kinachofika 10. Jibu hilo lipate kwa maandishi leo, kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukubwa wa injini hautakusumbua sana. 4.8, 5.3 na 6.0 za familia hii zina matundu ya bolti yaleyale kwenye silinda hedi, bolti 6 kila upande. Kinachotenganisha heda ni chasisi na vinavyopita jirani na mabomba:

- Kizazi cha gari. 1999 hadi 2006 ni kimoja, 2007 hadi 2013 ni kingine. Angalia mtego hapa: mwaka 2007 ziliuzwa pia gari za umbo la zamani kwa jina la Classic. Mtu akikuandikia "2007" tu, hujui ana chasisi ipi. Omba picha ya dashibodi na ya mbele ya gari.
- 4x4 au ya kuvuta magurudumu ya nyuma tu. Shafti ya mbele inapita karibu na bomba la Y (linalounganisha moshi wa pande zote mbili), kwa hiyo mara nyingi bomba la Y hutofautiana hata pale heda zenyewe zinapofanana.
- 1500 au 2500, pamoja na aina ya gia boksi. Gia boksi ikibadilika, krosimemba (boriti ya chasisi inayoibeba) nayo husogea.
- Usukani upande gani. Gari iliyogeuzwa usukani kuja kulia iwekwe pembeni kabisa. Heda hizi zimekunjwa kukwepa shafti ya usukani wa kushoto. Upande wa kulia hakuna nafasi iliyoachwa, na bomba linaweza kugonga shafti au kuipikia mpira wa jointi. Mwenye gari hiyo asiingizwe mpaka muuzaji athibitishe kwa maandishi.
- Injini ina EGR (mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) au pampu ya hewa ya kusaidia kataliti (kifaa cha kusafisha moshi)? Baadhi zinazo, nyingine hazina. Asikisie kwa mwaka, afungue boneti aangalie manifoldi kama ina kijibomba cha ziada.

Chukua pia namba kamili ya chasisi, tarakimu 17. Ya 10 inaonyesha mwaka wa modeli, ya 8 inaonyesha injini. Kwa kizazi cha kwanza, herufi ya 8 ikiwa V ni 4.8, T ni 5.3, U ni 6.0 ya aina ya LQ4. Hiyo inakusaidia kumkamata aliyenunua gari na kuambiwa ni 5.3 kumbe siyo, au iliyowahi kubadilishwa injini: herufi inasema T, jicho linaona kitu kingine. Ukikuta hivyo, uliza.

Chuma304

Naongezea upande wa bidhaa yenyewe, maana "heda ya chuma cha pua" haitoshi kuandikwa kwenye makubaliano. Kuna 304 na kuna 409. Zote zinauzwa kwa jina hilo, lakini 409 hupata kutu ya juu juu, na sumaku huishika vizuri. 304 sumaku haiishiki, au huishika kidogo tu kwenye kona zilizokunjwa. Mlipe 304, mpokee 304. Sumaku ndogo ya mfukoni ndiyo kipimo chenu siku ya kupokea.

Kipenyo cha mabomba ya mwanzo: kwa 5.3 isiyoguswa ndani, inchi 1¾ inatosha sana. Kwa 4.8 inayobeba au kuvuta mzigo, inchi 1⅝ hutunza nguvu ya chini vizuri zaidi, kwa sababu moshi unaenda kasi kwenye bomba jembamba. Inchi 1⅞ iachwe kwa 6.0 yenye kemishafti kubwa (mhimili unaofungua vali). Najua kundi litataka wote wachukue saizi moja ili idadi itimie. Kwa gari 14 za kawaida, 1¾ na kolekta (pale mabomba yanapoungana) ya inchi 3 ni maafikiano ambayo hakuna atakayeyajutia, hata mwenye 4.8.

Andika pia unene wa flenji, yaani bamba la heda linalofungwa kwenye silinda hedi. Milimita 9.5 (inchi ⅜) ndiyo ya kukubali. Flenji nyembamba hujikunja kwa joto, gasketi inaanza kuvuja, na fundi ndiye anayelaumiwa. Unene wa bomba: geji 16 ni takriban milimita 1.6, geji 18 ni 1.2. Kadiri namba ya geji inavyopanda, chuma kinakuwa chembamba. Wapo wanaodhani 18 ni nzito zaidi.

Jambo ambalo lazima lijadiliwe kabla ya fedha kutoka ni kataliti. Heda fupi zinaishia pale manifoldi ya zamani ilipoishia, kwa hiyo kataliti zinabaki mahali pake. Heda ndefu zinazisogeza nyuma au kuziondoa kabisa. Marekani sheria ya shirikisho inakataza kuondoa kataliti kwenye gari la barabarani, na California inadai heda iwe na namba ya idhini, yaani EO, ya CARB (bodi ya jimbo hilo ya usafi wa hewa). Kwingine kila mwanachama aulize kituo chake cha ukaguzi. Atakayegundua hili baada ya mzigo kufika atataka kurudishiwa fedha, na atakuwa amechelewa.

MratibuV8

Asante sana wakuu. Muuzaji amejibu: seti 10 ni kwa jumla, namba za spea zinaweza kuchanganywa ilimradi zote ni heda ndefu. Na kuhusu fedha?

MtunzaDaftari

Hapo mna nafuu. Kwenye fedha, kanuni ninayoisimamia ni moja: mratibu asishike fedha za watu kama kuna njia nyingine. Mwombe muuzaji atoe namba ya kundi, kila mtu alipe kwake moja kwa moja kwa kutaja namba hiyo, na jina lililo kwenye risiti liwe la mlipaji. Dhamana ya bidhaa nayo inabaki kwa mwenye gari, si kwako.

Muuzaji asipokubali, fungueni akaunti inayohitaji sahihi mbili, na jedwali la malipo lionekane na wote. Kwenye jedwali weka: jina, namba ya chasisi, namba ya spea, alicholipa, tarehe, na safu ya "nimehakiki" ambayo mwanachama anaijaza mwenyewe. Safu hiyo ina uzito. Namba ya spea ikikosewa na yeye ndiye aliyeihakiki, gharama ya kubadilisha ni yake. Bila safu hiyo, kila kosa litakuja mlangoni kwako.

Utaratibu wa muda ninaoupendekeza: siku 7 za kujaza taarifa, siku 5 za kulipa malipo ya awali, kisha orodha inafungwa. Asiyelipa malipo ya awali hahesabiwi, hata aseme "nipo" mara ngapi. Kati ya 14 tegemea wachache watajitoa, kwa hiyo kaa na orodha ya akiba, na mkubaliane mapema kitatokea nini mkibaki 9: mnaongeza bei kidogo kwa kila mmoja, mnasubiri, au mnarudishiana. Kura hiyo ipigwe kabla ya fedha kutoka. Ikipigwa baada, kila mtu atapigia kura mfuko wake.

Malipo ya awali yarudishwe yote kabla ya oda kutumwa. Oda ikishatumwa hayarudi, ila mtu anaruhusiwa kumuuzia mwingine nafasi yake kama gari inafanana. Andika hivyo hivyo kwa lugha nyepesi, wote waweke sahihi.

Mizigo_na_Forodha

Usafiri ndio unaokula punguzo la kundi, kwa sababu heda ni hewa nyingi na chuma kidogo. Kwa ndege hulipi uzito wa mzani, unalipa ule ulio mkubwa kati ya uzito wa mzani na uzito wa ujazo. Mfano, boksi la sentimita 110 × 50 × 35 lina sentimita za ujazo 192,500. Gawanya kwa 5,000, kigawanyo cha kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka, unapata kilo 38.5. Heda zilizo ndani zinaweza kuwa nusu ya hapo. Kwa meli, mzigo wa kuchanganya huhesabiwa kwa mita ya ujazo: maboksi 12 ya saizi hiyo ni kama mita za ujazo 2.3. Huo ni mfano tu. Mwombe muuzaji vipimo vya boksi halisi, na bomba la Y linakuja kwenye boksi lake, usilisahau kwenye hesabu.

Agiza maboksi yafungwe kwenye paleti moja na kuandikwa jina la mwanachama na namba ya spea kwa nje. Boksi la heda likidondoshwa kwa pembe, kolekta hupinda na hutajua mpaka siku ya kufunga.

Ankara iwe na mstari mmoja kwa kila namba ya spea, bei halisi ya kununulia, na maelezo yanayoeleweka. Mabomba ya ekzosi na mafla yapo kwenye kifungu cha 8708.92 cha ushuru wa forodha, lakini manifoldi huweza kuhesabiwa kuwa spea ya injini chini ya 8409.91. Viwango huweza kutofautiana, kwa hiyo wakala wa forodha aamue kabla ankara haijaandikwa.

Flenji_na_Gasketi

Kuhusu kupokea: mfungue maboksi yote siku moja, mahali pamoja, mkirekodi video kuanzia utepe ukiwa haujakatwa. Mtu akiondoka na boksi lililofungwa akarudi wiki ijayo na malalamiko, hamtajua kasoro ilitoka wapi.

Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa flenji, kisha jaribu kupitisha fila (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.3 chini yake. Ikipita, iweke pembeni mdai. Angalia ndani ya kila tundu la flenji: donge la kuchomelea linalotokeza ndani huziba njia ya moshi. Pitisha bolti ya M8 kwenye kila tundu. Jaribu sensa ya zamani kwenye matundu ya sensa za oksijeni, uzi wake ni M18×1.5, iingie kwa mkono bila kukaza. Hesabu gasketi na bolti. Dakika 10 kwa boksi zinatosha mkiwa wawili.

FundiWaNyuma

Mmesahau jambo litakalowasumbua wote 14: bolti za nyuma. Kwenye injini hizi bolti za mwisho, upande wa ukuta wa kabini, hukatika mara kwa mara, kwa sababu manifoldi ya chuma cha kusubu hutanuka na kusinyaa tofauti na hedi, ambayo kwa nyingi ya injini hizi ni ya alumini. Kila mwanachama aingie chini ya gari na tochi *kabla* ya kuagiza, ahesabu vichwa vya bolti. Vikiwa 5 badala ya 6, ajue ana kazi ya ziada na aipangie muda.

Kwenye oda ya pamoja ongezeni, kwa kila gari: bolti 12 mpya za M8×1.25, gasketi mbili za chuma zenye matabaka mengi (za karatasi zilizomo kwenye boksi nyingi msizitumie), waya mbili za kurefusha sensa, na soksi za kukinga waya za plagi na joto. Vitu hivi ni vidogo, ila kukosa kimoja kunaliacha gari juu ya jeki wiki nzima.

Siku tatu kabla ya kazi, kila jioni nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu. Bolti ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze, usiivute kwa hasira. Ikikatika ikabaki imetokeza, chomelea nati juu yake, iache ipoe kidogo, kisha zungusha. Joto la kuchomelea ndilo linaloachia uzi. Ikikatikia ndani, tumia kibao cha kuongozea drili kinachofungwa kwenye matundu jirani. Drili ya kushika mkononi na kulenga kwa macho tu huishia kutoboa hedi yenyewe.

Kukaza: anzia bolti za katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza 15 N·m, wa pili 25 N·m. Washa injini mpaka ipate joto, zima, iache ipoe kabisa, kisha pima tena.

MratibuV8

Nimeelewa mkuu. Swali la mwisho: taa ya injini ikiwaka baada ya kufunga, tumlaumu muuzaji?

FundiWaNyuma

Soma kodi kwanza, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. P0171 na P0174 zikija pamoja mara tu baada ya kufunga, tafuta mvujo kabla ya sensa za mbele. Kati ya mapigo ya moshi bomba hunyonya hewa ya nje, sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Mtu anaona gari inakunywa mafuta na kulaumu heda, kumbe ni gasketi. P0420 na P0430 ni habari ya kataliti: zimeondolewa, zimechoka, au zimesogezwa mbali zikawa hazipati joto la kutosha. Kodi ya hita ya sensa mara nyingi ni waya wa kurefusha uliogusa bomba ukayeyuka, kwa hiyo funga waya zote mbali na mabomba kwa klipu za chuma, plastiki haidumu pale.

Muuzaji anadaiwa flenji iliyopinda, chomeleo lililopasuka na namba ya spea tofauti na iliyoagizwa. Hayo matatu yaandike kwenye makubaliano, pamoja na idadi ya siku za kudai tangu tarehe ya kupokea.