Tupeane uzoefu: nani alikushika mkono uliposoma sayansi au uhandisi huku nyumbani hali ni ngumu?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, tangu mwaka wa masomo 2022/2023 Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ya Tanzania, imekuwa ikiwagharamia wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita, na wengine wengi wanasoma kwa mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Fedha hizo zimeokoa wengi. Hata hivyo, kwa niliyoyaona chuoni, mtoto wa mkulima ambaye kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu anahitaji pia mtu wa kumwelekeza. Mliopitia huko, tuelezeni alikuwa nani na alifanya nini hasa.

BintiPCM
Nilisoma uhandisi kwa mkopo wakati fedha ya chakula na malazi ikiwa shilingi 8,500 kwa siku, kabla haijapandishwa kuwa 10,000 mwaka 2022. Kila bumu, yaani fedha hiyo ya kujikimu, lilipoingia, sehemu yake ilikwenda nyumbani Kishapu, Shinyanga, kwa wadogo zangu, jambo ambalo wafadhili wengi hawalipigii hesabu. Mwaka wa kwanza hisabati ilinilemea, nikapata sapu (mtihani wa kurudia), nikaanza kuwaamini waliosema kwamba uhandisi si wa wanawake. Dada mmoja wa mwaka wa tatu, jirani yangu bwenini, aliomba kuona karatasi yangu ya jaribio. Aligundua kwamba kukokotoa intigrali (hesabu kama ile ya kupata eneo lililo chini ya mstari wa mchoro) nilikuwa najua, ila nilishindwa kupata mipaka yake kutokana na mchoro. Basi kila Jumamosi tukawa tunachora tu, swali baada ya swali, bila kukokotoa chochote, mpaka mipaka ikawa inaonekana yenyewe. Sapu niliifaulu, na sasa nawafanyia hivyo hivyo mabinti wawili wa mwaka wa kwanza.

MhandisiMaji
Dada amegusa penyewe. Mimi nilikwama kwenye mafunzo kwa vitendo. Mkopo una fungu lake, lakini fungu halimtafutii mtu nafasi, na wenzangu wengi walipata nafasi kupitia wajomba zao. Mhadhiri wangu alimpigia simu mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akisimamia uchimbaji wa visima, nami nikapokewa na kuazimwa buti na kofia ngumu. Huko ndiko nilikojifunza kupima jinsi maji yanavyoshuka kisimani pampu ikiwa inafanya kazi. Baada ya kuhitimu niliingia SEAP, mpango wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) unaomweka mhitimu chini ya mhandisi msimamizi kwa miaka mitatu. Ulezi wa namna hiyo ungeanza mwaka wa kwanza, maana wanaouhitaji zaidi huenda wasifike mwaka wa nne.

MwlFizikia
Naomba tuanzie nyuma zaidi. Wanafunzi wangu yatima wanafaulu vizuri, lakini hukwama kwenye nyaraka, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha mzazi sharti vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kabla ya kuomba mkopo. Siku hizi naanza kuvikusanya wakiwa kidato cha tano.

BintiPCM
Mwalimu, shikamoo. Na kama mzazi alizikwa kijijini bila cheti kutolewa?

MwlFizikia
Marahaba, binti yangu. Tunaanza na barua ya mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya RITA wilayani kusajili kifo ambacho hakikusajiliwa kwa wakati. Huchukua muda, ndiyo maana sisubiri kidato cha sita.